Mzungu katukana ugali wa anti, landilodi kapandisha kodi: hasira tuipeleke wapi?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Kisumu, nimelifupisha kidogo:

"Habari mzee. Anti yangu ana hoteli ndogo ya ugali samaki upande wa Nyalenda unaopakana na Milimani, amekaa hapo miaka mingi bila mkataba wa kuandikwa, mimi nakaa nyumba ya nyuma kwa ploti hiyo hiyo. Ghorofa ya juu landilodi ameigeuza Airbnb, wageni wengi ni wazungu. Mwezi jana mmoja alikula kwa anti akajirekodi akisema ugali ni kama simenti isiyo na chumvi na ati watu wa hapa hawajui kupika, video ikasambaa. Wiki hiyo hiyo landilodi akatuambia kodi ya hoteli itoke 15,000 iende 35,000 na yangu 9,000 iende 14,000, kama hatutaki tuhame, pale mbele anataka kafe. Vijana wa mtaa wanataka kuandika 'rudi kwenu' kwa geti kama wale wa Mexico. Tuko na makosa kukasirika? Na kuna sheria ya kutusaidia?"

Dadangu, makosa hamna. Mtu akitukana sufuria ya anti yako na wiki hiyo hiyo unaambiwa uhame, ukikaa kimya ndio tutaanza kuuliza kama uko sawa. Lakini umeniletea mambo mawili yamefungwa fundo moja, na mimi kazi yangu ni kuthamini majumba, siku nzima naulizwa hii ploti ni ya ngapi na kodi halali hapa ni ngapi, kwa hivyo nitalifungua kutoka upande wa kodi. Ugali nitaupitia pia, siwezi kuuruka hivi hivi.

Tuanze na Mexico kwa sababu vijana wameona nusu ya ile habari. Mtaa wa Roma na wa Condesa pale jiji la Mexico haikuwa mitaa ya bei siku zote, tetemeko la 1985 lilivunja nyumba nyingi Roma na watu wenye uwezo wakahama, miaka mingi baadaye ndio pakaanza kupanda polepole na wasanii na mikahawa, halafu 2020 korona ikaja na Wamarekani wanaofanya kazi kwa laptopu wakagundua kwamba wanaweza kukaa Mexico hadi siku 180 bila viza huku wakilipwa dola za kwao. Sasa hapa ndio vijana wasome vizuri: Oktoba 2022 serikali ya jiji lenyewe, wakati huo ikiongozwa na Claudia Sheinbaum ambaye saa hii ni rais, ilitia saini makubaliano na Airbnb na UNESCO ya kuwavutia watu hao hao. Yaani walialikwa. Tarehe 4 Julai 2025 watu wakaandamana Roma na Condesa, wengi kwa amani, wengine wakavunja vioo vya maduka na kuandika kuta kwamba gringo, yaani Wamarekani, warudi kwao. Sheinbaum akasema malalamiko ya kodi ni ya haki lakini chuki kwa wageni hapana, na meya Clara Brugada mwezi huo huo akatoa mpango wa kuzuia kodi isipande kuliko mfumuko wa bei. Hiyo tarehe kwanza, 4 Julai, ni sikukuu ya uhuru wa Marekani, haikuchaguliwa kwa bahati mbaya.

Ile ya chakula ikafuata mwisho wa mwaka huo. Mwokaji mmoja maarufu Mwingereza, Richard Hart, amefungua duka la mikate hapo hapo Roma, alisikika kwenye mahojiano akisema Wamexico hawana utamaduni wa mkate wa maana na zile skonzi zao nyeupe ni mbaya na za kiwandani. Nchi ikawaka. Akaomba msamaha na bado watu wakaendelea kumchoma. Skonzi yenyewe inaitwa bolillo, ni ya bei ya chini, asubuhi mtu anaenda kazini ananunua bolillo imepasuliwa katikati na kuwekwa tamali ya moto ndani, unga wa mahindi ndani ya unga wa ngano, anakula amesimama hapo barabarani. Ni chakula cha mtu anayekimbilia basi. Sasa fikiria anayekisema vibaya ana duka la bei kali kwenye mtaa ambao huyo mtu wa basi hawezi tena kupanga. Mkate hapo ulikuwa ndio kitu cha mwisho tu kuongezwa juu ya mzigo, lakini ndio kitu kila mtu angeweza kukiongelea bila kujua chochote kuhusu sheria ya nyumba.

Na kwenu ndio hivyo hivyo. Mbona sisi wenyewe hatuachani? Mjaluo anamcheka Mkikuyu kwa viazi vilivyopondwa na majani ndani, Mkikuyu anamwambia Mluhya kazi yake ni mlima wa ugali, mtu wa Mombasa akija hapa anauliza kwani huku nazi haijafika, na tunacheka wote na yanaishia hapo. Hakuna anayeandika kwa geti la mtu wa Mombasa. Kinachouma kwa yule mgeni si maneno, ni mahali aliposimama akisema: juu ya kichwa cha anti, kwenye nyumba ambayo bei yake ndiyo inamfukuza anti. Angeyasema akiwa kwao London mngemcheka siku mbili mkasahau.

Tena alikosea hata kama mkosoaji, acha niseme. Ukitazama ile video (umenitumia, nimeiona mara zaidi ya inavyostahili) jamaa anakata ugali kwa uma, anaweka kipande kikavu mdomoni, anatafuna, anakunja uso. Samaki yuko pembeni hajaguswa, na bakuli la osuga, yaani managu, limetulia na maziwa yake juu hata kijiko hakijaingia. Ugali haupikwi na chumvi hata kwa bahati mbaya! Unamega na vidole, unaviringa kwa kiganja, unabonyeza na gumba mpaka patokee kashimo, unachota mchuzi na mboga ile chungu iliyolainishwa na maziwa, ndio unakula, na ladha yote imepangwa iwe kwenye mchuzi na ugali uwe wa kubeba na kushibisha. Kuonja ugali pekee yake kisha utoe hukumu ni kuonja wali mweupe bila mchuzi useme Wahindi hawajui kupika. Kama angesema samaki alikuwa amekaangwa jana akarudishwa kwa mafuta, hiyo ningeisikiliza, anti angeisikiliza pia, mteja ana haki.

Kuna jambo lingine kuhusu hiki "chakula chetu" ambalo vijana wa geti wangelipenda. Mahindi yalitoka Mexico. Huko ndiko yalikoanza kulimwa miaka kama 9,000 iliyopita, Wareno wakayaleta pwani ya Afrika Mashariki, na huku bara yakashika nguvu hasa wakati wa mkoloni, setla akiwalipa vibarua wake posho ya unga mweupe. Kabla ya hapo kuon, yaani ugali wa hapa, ilikuwa ya mtama na wimbi na wazee bado wanaitaka. Samaki mbuta naye aliwekwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, si wa kwetu tangu mababu. Hata ile bolillo ya Mexico ni ngano iliyokuja na wazungu. Kwa hivyo mambo ya chakula safi cha asili kisichoguswa na mgeni tuyapeleke polepole. Kitu kilichokuwa chetu kabisa, mboga za kienyeji kama osuga, dek, apoth, ndicho tuliambiwa miaka na miaka ni magugu na chakula cha maskini, na tukakubali! Shule za bodingi zilitupikia kabichi wakati managu yanaota nyuma ya jikoni. Mpaka wataalamu wa hapa hapa, Makumbusho ya Taifa na wengine, wakaanza kuyaorodhesha na kuyarudisha sokoni, na 2021 UNESCO ikaingiza hiyo kazi ya Kenya kwenye orodha yake ya mifano bora ya kuhifadhi urithi. Siku hizi nenda soko la Kibuye uulize bei ya fungu la osuga wakati wa kiangazi.

Haya, kodi.

Mzungu wa juu hakupanga kodi yako, na hawezi kununua hiyo ploti hata akitaka. Nyalenda nyingi ni frihodi, yaani ya kumiliki bila kikomo cha miaka, ardhi ya familia iliyoingizwa ndani ya mji mipaka ilipopanuliwa, na Katiba ya 2010 kifungu cha 65 inasema asiye raia anashika ardhi kwa kukodi tu, isizidi miaka 99, na kampuni haihesabiwi ya raia mpaka wenyewe wote wawe raia. Anayenunua na kujenga huku ni sisi. Ni mtu wa Nairobi aliyestaafu, ni mtoto wa hapa hapa aliye Dallas au Minnesota anatuma pesa kila mwezi, na hizo pesa si kidogo, mwaka 2024 Wakenya wa nje walituma karibu dola bilioni 4.9. Landilodi wenu mwenyewe nadhani mnamjua kwao.

Sasa hesabu yake, maana hiyo 14,000 haikutoka hewani. Chukua mfano: nyumba kama yako aiwekee kitanda, TV, friji na Wi-Fi aikodishe 2,500 kwa usiku. Toa usafi, kufua mashuka, stima na kile anachokatwa na mtandao, tuseme 600, anabaki na 1,900. Kodi yako ya 9,000 anaipata kwa usiku tano tu. Hiyo 14,000 ni usiku nane. Anakuambia kwa lugha ya ploti kwamba anaamini atapata wageni wa usiku nane kwa mwezi, na mwezi ukiwa na mkutano mkubwa mjini atapata zaidi. Asichokuambia ni kwamba kuweka vile vitu ndani si chini ya laki na kitu, na kuna miezi nyumba itakaa tupu huku Wi-Fi inalipwa. Baada ya Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada na mashirika mengi ya afya hapa Kisumu yakafunga miradi, nyumba za Milimani nilizokuwa naziona na wapangaji wa shirika zilibaki wazi, na baadhi ya wenyewe badala ya kushusha kodi walinunua vitanda. Sasa ziko nyingi na zinagombania wageni wale wale. Kaa na landilodi umuonyeshe hesabu hii, mwambie utalipa 11,000 kila tarehe 5 bila kukosa na utasaini mwaka mzima. Nimeona ikikubalika mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, mwenye nyumba anaogopa nyumba tupu kuliko anavyopenda wageni.

Nasema hivi kwa sababu kwa upande wako wewe wa kulala, sheria ni dhaifu na sitakudanganya. Ile sheria ya kudhibiti kodi ya nyumba za kuishi, Rent Restriction Act, inalinda nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango cha zamani sana. Wewe uko nje. Kinachokulinda ni kwamba ukiwa unalipa kwa mwezi lazima upewe notisi isiyopungua mwezi mzima, na hawezi kung'oa mlango au kufunga kufuli yake bila amri ya mahakama. Zaidi ya hapo ni maelewano.

Anti yako ndiye mwenye nguvu, na nafikiri hapo ploti hakuna anayejua, pengine hata landilodi. Kuna sheria nyingine, Cap 301, ya maduka, hoteli na sehemu za kuuza chakula. Mpangaji wa biashara asiye na mkataba wa kuandikwa, au mwenye mkataba usiozidi miaka 5, ni mpangaji anayelindwa. Anti ni huyo. Hawezi kupandishiwa kodi kwa mdomo. Lazima apewe notisi kwa fomu iliyowekwa na sheria, notisi isianze kazi kabla ya miezi miwili, na iseme sababu. Akiipata ana mwezi mmoja wa kujibu kwa maandishi kwamba hakubali, na kabla ile tarehe ya kuanza haijafika apeleke shauri kwenye jopo la kodi za biashara, Business Premises Rent Tribunal, na akishapeleka notisi inasimama mpaka jopo liamue. Kwa hivyo ile 35,000 iliyotamkwa pale jikoni saa hii haina maana yoyote kisheria. Aendelee kulipa 15,000 kama kawaida, kwa M-Pesa au benki ili ibaki alama, na landilodi akikataa kupokea awe na ushahidi kwamba alituma, kwa sababu malimbikizo ndiyo njia rahisi zaidi ya kumtoa.

Tahadhari mbili hapo. Jopo linaangalia kodi ya vyumba kama hivyo hapo karibu, linaweza kukuta 15,000 iko chini na likaipandisha, kwa hivyo tembeeni muwaulize majirani wa barabara ile ile wanalipa ngapi, mwandike, na risiti zao kama watawapa. Halafu landilodi akishauriwa na wakili atabadilisha wimbo aseme anataka kubomoa ajenge upya au anataka kutumia mwenyewe. Hizo ni sababu sheria inazikubali, ila ataambiwa athibitishe kweli ana nia na mipango, na kama ni kutumia mwenyewe isiwe chini ya mwaka mmoja. Muulizeni pia kama kaunti imempa kibali cha kubadilisha matumizi ya hiyo ghorofa kutoka nyumba ya kuishi kuwa ya biashara, maana chini ya sheria ya mipango ya 2019 ombi kama hilo hutangazwa na majirani wana nafasi ya kupinga. Wengi hawajawahi kuomba.

Ndio maana nasikitikia ile rangi ya geti. Kuandika "rudi kwenu" kutampata nani? Yule wa video alishaondoka zamani, anayelala pale leo pengine ni daktari Mganda amekuja semina. Na Kisumu tuna historia yetu, wako Wahindi ambao mababu zao walikuja na reli iliyofika hapa 1901, wamezaliwa hapa, serikali imewatambua kama kabila la 44 tangu 2017, na bado kila kelele za wageni zikianza wao huangaliwa kwanza. Wanubi wa Kibos nao walibomolewa Februari 2021 kwa ajili ya reli hiyo hiyo, watu zaidi ya 3,000, wameishi pale vizazi. Na vibanda vya samaki vya Lwang'ni, pale ambapo Kisumu nzima ilikula Jumapili, vilibomolewa 2019 wakati bandari inafufuliwa. Hakuna mzungu aliyeendesha ile tingatinga! Mama aliyepoteza jiko Lwang'ni angepoteza hata kama hakuna mgeni hata mmoja aliyewahi kuonja samaki wake. Simaanishi mgeni hana lawama, analipa bila kuuliza bei ya jirani na anapanga mapumziko yake juu ya maisha ya mtu, na kama serikali itaendelea kuwaita wafanyakazi wa laptopu, kile kibali cha daraja N tayari kipo, basi bunge la kaunti liulizwe mapema ni mitaa gani itaruhusiwa Airbnb na ngapi kwa barabara. Barcelona walingoja mpaka hali ikachacha ndipo meya, 2024, akatangaza kwamba leseni zote za nyumba za watalii, 10,101, hazitaongezwa zikiisha Novemba 2028. Swali kama hilo mpelekee MCA wenu, mjumbe wa bunge la kaunti, akiwa na karatasi mbele, jina lake liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Vijana wakitaka kazi, waende wahesabu nyumba ngapi kwa barabara yenu zimegeuzwa na ngapi zina kibali, hiyo orodha ina kazi kuliko rangi.

Video, kama anti anataka kujibu, ajirekodi akila. Bila maelezo mengi, amege tu mpaka sahani iishe. Asipotaka pia sawa, ana wateja wa saa saba wa kuhudumia.

Na jambo la mwisho, hili mwambie leo usingoje kesho. Landilodi akikuta kwamba njia ya mdomo imeziba, kuna siku atakuja mpole amebeba mkataba mzuri amechapisha, atasema mama nimekufikiria, nakupa miaka 5 na miezi 3 ukae bila wasiwasi, kodi tutaelewana. Hiyo miezi 3 haikuwekwa kwa wema. Mkataba wa kuandikwa unaozidi miaka 5 kwa kawaida unamtoa anti nje ya Cap 301, na karibu kila mkataba wa duka mjini umeandikwa hivyo kwa sababu hiyo hiyo. Asisaini hapo mezani, hata kama kalamu ni yake. Aseme anaomba wiki moja, auweke kwa begi, na wewe uupeleke kwa wakili kabla mtu yeyote hajaandika jina.